Koni: Usiulize kampuni ina bei gani, uliza imepata nini miaka mitano

KONI, LIKASI – Kuna neno moja linalorudi kila mara wakaaji wanapozungumzia makampuni ya shaba: "Ile kampuni ina thamani ya mabilioni." Neno hilo linasikika kwenye basi la kwenda Likasi, linasikika kwenye mikutano ya kijiji, na linasikika kwa familia zilizohama makwao, ambazo zina feza kidogo zilizobaki na zinaulizwa na kila mpita njia kama hazitaki "kununua aksiyo". Thamani ya mabilioni ni nini hasa? Nani ameihesabu, na kwa kipimo gani? Swali hilo haliulizwi sana. Matokeo yake ni kwamba kijiji kinaingia kwenye mazungumzo kikiwa na hesabu isiyo sahihi, na mama mjane anatoa dola zake 200 kwa mtu ambaye angefukuzwa mlangoni kama hesabu ndogo ingefanywa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Inaitwa uwiano wa bei na faida. Unachukua bei ya hisa moja, unaigawanya kwa faida ambayo hisa hiyo ilipata kwa mwaka. Jibu linakuambia ni miaka mingapi ya faida kama ya mwaka huu itahitajika ili bei uliyolipa irudi.

Chukua mashini ya kusaga unga, maana kila kartie inayo. Mwenye mashini anataka dola 2.400. Baada ya kutoa mazutu, fundi, mshahara wa kijana anayesimamia na kodi za hapa na pale, mashini inabakiza dola 600 kwa mwaka. 2.400 ukigawanya kwa 600 ni 4. Uwiano wake ni 4: miaka 4, feza imerudi, kama mota haijakufa. Jirani anauza mashini nyingine dola 3.600 na yenyewe inabakiza dola 600. Uwiano ni 6. Ya kwanza ni rahisi kuliko ya pili, isipokuwa kama ya pili ina mota mpya na ya kwanza inavuja mafuta. Hapo ndipo namba inapoanza kuhitaji akili ya mtu, kwa sababu uwiano mdogo unaweza kuwa bahati na unaweza kuwa ugonjwa.

Muuzaji mjanja wa mashini anafungua daftari kwenye ukurasa gani? Anafungua mwezi wa sita. Mavuno yameingia, watu wamepanga mstari na mifuko ya mahindi, mashini inanguruma mpaka jioni. Halafu anazidisha mwezi ule kwa 12 na kusema: "Ona faida ya mwaka." Mezi ya njaa, ya kuanzia Desemba, wakati hakuna cha kusaga, hakuionyesha. Kwa daftari la mwezi wa sita uwiano wake unaweza kuonekana 2. Kwa daftari la mwaka mzima ni 4. Kwa madaftari ya miaka mitano, pamoja na ule mwaka mota ilipoungua, pengine ni 7. Mashini ni ile ile, na bei haikubadilika hata kidogo.

Makampuni makubwa yana mezi ya sita yao pia, ila kwao mwezi wa sita unaweza kuchukua miaka mitatu.

Wakaaji wa Likasi waliokuwa wakubwa mwaka 2008 wanakumbuka. Katikati ya mwaka ule tani moja ya shaba ilikuwa inauzwa zaidi ya dola 8.000 kwenye soko la London. Mwisho wa Desemba ilikuwa chini ya dola 3.000. Viwanda vidogo vya kuyeyusha vilivyokuwa vimeota Likasi na Lubumbashi vilizima moto, wenye viwanda wengine wakaondoka bila kuaga, na wachimbaji wa mikono wakabaki na mifuko ya mawe isiyo na mnunuzi. Sasa mtu angesoma uwiano wa kampuni ya shaba katikati ya 2008 angeona nini? Angeona namba ndogo, nzuri kabisa, kwa sababu faida ya mwaka uliopita ilikuwa kubwa mno. Angesema: "Hii ni rahisi." Mwaka mmoja baadaye faida imekauka, bei imeshuka lakini haijafika chini kama faida, na uwiano umeruka juu. Angesema: "Hii ni ghali." Mara zote mbili namba ingemdanganya. Kwa biashara ya madini, uwiano mdogo mara nyingi ndio dalili kwamba sherehe inakaribia kwisha, na uwiano mkubwa unatokea pale kila mtu amekata tamaa.

Ndiyo sababu wataalamu wa Amerika waliotwa Benjamin Graham na David Dodd waliandika mwaka 1934, nchi yao ikiwa bado imeumia na anguko la 1929, kwamba faida ya mwaka mmoja isitumike. Walitaka wastani wa miaka 5, au 7, au vizuri zaidi 10. Baadaye profesa Robert Shiller wa Yale akaijenga hesabu hiyo kwa miaka 10, akiondoa na kupanda kwa bei za vitu. Mama muuza makala hahitaji Yale kulijua jambo hili. Yeye hahesabu mwaka wake kwa wiki ile moja umeme ulipokatika na kila mtu akamkimbilia.

Na kuondoa kupanda kwa bei si jambo dogo kwa mtu anayehesabu kwa franka. Mwanzoni mwa mwaka 2016 dola moja ilikuwa franka 900 na kitu. Mwaka 2024 ilikuwa karibu 2.800. Biashara iliyopata franka 1.000.000 mwaka 2016 na franka 2.800.000 mwaka 2024 itakuambia imekua karibu mara tatu. Kwa dola, ilipata kama 1.080 na mwaka 2024 ikapata 1.000. Imerudi nyuma. Mtu akikuonyesha faida "inayopanda kila mwaka", uliza kwanza inapanda kwa feza gani.

Congo haina soko la hisa lake. SNEL ni ya serikali, Gécamines ni ya serikali. Hakuna aksiyo yao inayouzwa Kinshasa wala Lubumbashi, na anayekuambia anauza karatasi za SNEL mtaani anakuuzia karatasi tu. Lakini kuna kampuni iliyo karibu na mifuko ya watu wa Likasi ambayo bei yake inasomwa kila siku: kundi la KCB la Kenya. Mwisho wa 2022 lilikamilisha kununua asilimia 85 ya Trust Merchant Bank, ile TMB iliyozaliwa Lubumbashi mwaka 2004. Kwa hiyo mtu mwenye akaunti ya TMB anaweka feza yake kwenye nyumba ambayo mwenye hisa nyingi yuko Nairobi, na hesabu za nyumba hiyo zinatangazwa.

Zifuatwe miaka kumi. Mwaka 2014 KCB ilipata faida ya karibu shilingi za Kenya bilioni 16,8. Ukigawanya kwa hisa zake, zilizokuwa karibu bilioni 3, kila hisa ilipata kama shilingi 5 na nusu. Mwisho wa mwaka ule hisa iliuzwa kama shilingi 57. Uwiano: karibu 10. Watu walilipa miaka kumi ya faida.

Mwaka 2023 faida ilikuwa zaidi ya bilioni 37. Imezidi mara mbili ya ile ya 2014. Kila hisa ilipata zaidi ya shilingi 11. Na bei? Mwisho wa 2023 hisa ilikuwa karibu shilingi 22. Uwiano: karibu 2.

Hapo msomaji asimame kidogo. Faida imepanda zaidi ya mara mbili, bei imeshuka chini ya nusu. Mtu anayeangalia bei peke yake atasema benki inakufa. Anayeangalia faida peke yake atasema benki inapaa. Wote wawili wameona nusu ya mlima.

Kati ya miaka ile miwili mambo mengi yalipita. Mwaka 2016 Kenya iliweka kikomo kwa riba ya mikopo, na kikomo hicho kilidumu mpaka 2019. Wanunuzi wa hisa za benki wakaogopa. Mwaka 2023 shilingi ya Kenya ilianguka mbele ya dola, na wageni waliokuwa na hisa Nairobi wakauza wapate kutoka. KCB ilikuwa na mikopo mingi isiyolipwa, na kwa mwaka ule wa 2023 haikugawa gawio: ilipata mabilioni, lakini mwenye hisa hakupewa kitu mkononi. Tena serikali ya Kenya yenyewe ilikuwa inakopa kwa riba kubwa sana. Februari 2024 ilitoa hati za kukopa kwa ajili ya miundombinu zilizolipa asilimia 18,46 kwa mwaka. Sasa hisa yenye uwiano wa 10 ni kama inakupa 10 kwa kila 100. Nani atakubali 10 zenye wasiwasi, na serikali inatoa 18? Bei ya hisa lazima ishuke mpaka ifanane na hali hiyo. Sehemu ya anguko la uwiano haikuwa kosa la benki hata kidogo. Dunia iliyoizunguka ilibadilika.

Mwaka 2024 ukaleta somo lingine, na pengine ndilo zuri zaidi. Hisa ya KCB ilipanda mpaka karibu shilingi 42, yaani karibu mara mbili kwa mwaka mmoja. Mtu wa nje angesema imekuwa ghali. Lakini faida nayo iliruka, ikapita bilioni 60, karibu shilingi 19 kwa hisa. Gawanya: 2 na kidogo. Bei imekaribia kuzidi mara mbili na uwiano haujasogea. Aliyeogopa kwa sababu "imeshapanda sana" aliogopa kitu ambacho hakikutokea.

Haya si maneno ya kumwambia mtu wa Koni anunue hisa Nairobi. Mtu ambaye hana hakika ya kodi ya nyumba ya mwezi ujao hana kazi na soko la Nairobi wala la Toronto, na yeyote anayemsukuma huko hamtakii mema. Hesabu inamfaa kwa kitu kingine: kuwatambua wezi.

Wazee wanakumbuka Bindo. Kinshasa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu waliuza nguo, redio na mpaka viwanja ili waweke feza mahali palipoahidi kuizidisha mara nyingi kwa wiki chache. Mwaka 1991 ikaanguka, na familia zikabaki bila feza na bila vile vitu zilivyouza. Leo ahadi ile ile inakuja kwa simu, ikiwa na picha za magari na maneno ya "kuwekeza". Ahadi ya kawaida: weka dola 100, baada ya mwezi utapata faida ya dola 100. Ipitishe kwenye hesabu. Faida 100 kwa mwezi ni 1.200 kwa mwaka. Bei 100 gawanya kwa 1.200. Uwiano ni chini ya moja ya kumi. Benki kubwa yenye matawi nchi nyingi, siku wanunuzi walipoikimbia kabisa, iliuzwa kwa uwiano wa 2. Mashini ya kusaga ya kweli, yenye unga ukutani na kelele, ni 4 au 6. Mtu mwenye biashara inayorudisha bei yake yote kila mwezi kwa nini akutafute wewe na dola zako 100? Angekopa popote, akakaa kimya.

Familia zilizohama ndizo zinazolengwa zaidi, na sababu inajulikana. Zimefika na feza ya ng'ombe au ya shamba lililouzwa haraka, hazina ndugu wa kuuliza karibu, na zina haraka ya kusimama tena. Mashirika yanayogawa misaada yanafundisha kushona na kulima bustani, na ni vizuri. Saa moja ya kufundisha mgawanyo huu ingeokoa feza nyingi kuliko cherehani nyingi, na haiombi vifaa zaidi ya kalamu.

Sasa turudi kwenye mabilioni na kwenye maji ya Lufira.

Santrali ya Koni iko chini ya Mwadingusha kwenye mto ule ule. Mwadingusha ilijengwa enzi za Union Minière, mwaka 1930, na Koni ikafuata baadaye, zote kwa ajili ya kulisha viwanda vya shaba. Mwaka 2011 Ivanhoe, kampuni ya Kanada, ilikubaliana na SNEL juu ya kutengeneza upya Mwadingusha, Koni na Nzilo. Mwadingusha ilimalizika 2021, mashine 6, megawati 78, mwaka ule ule mgodi wa Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi ulipoanza kutoa shaba. Kwa hiyo jina la Koni limesomwa na watu wa Toronto ambao hawatalikanyaga kamwe.

Kabla ya 2021 Ivanhoe haikuwa imeuza hata kilo moja ya shaba ya Kakula. Lakini kwenye soko la Toronto ilikuwa na thamani ya mabilioni. Wanunuzi walilipia nini? Walilipia matumaini: shaba iliyo chini ya ardhi, mgodi utakaojengwa, na umeme utakaopatikana. Mwaka 2022 kampuni ilitangaza faida ya karibu dola milioni 430, na mwaka 2023 karibu milioni 320. Faida ilipungua, na bei ya hisa mwisho wa 2023 ilikuwa juu kuliko mwisho wa 2022. Uwiano ulipanda kwa sababu watu wa Toronto walikuwa wanahesabu upanuzi wa mgodi na kiwanda cha kuyeyusha kilichokuwa kinajengwa. Mei 2025 ardhi ilitikisika ndani ya Kakula, kazi chini ya ardhi ikasimamishwa, na bei ya hisa ikaanguka kwa siku chache tu, kabla hata hesabu ya faida haijafungwa. Bei hukimbia mbele ya faida, kwenda juu na kwenda chini.

Kwa hiyo mwakilishi wa kijiji anaposimama na kusema "mna mabilioni, tujengeeni hospitali", mtu wa kampuni anaweza kujibu kwa utulivu kwamba mabilioni yale hayako kwenye sanduku lao. Na atakuwa anasema kweli. Ni feza ya watu waliouziana karatasi. Jibu hilo linamaliza mkutano, na kijiji kinarudi nyumbani kikiona kimedanganywa, kumbe kiliuliza swali ambalo lina mlango wa kutokea.

Swali lisilo na mlango wa kutokea liko kwenye sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018. Kampuni ya madini inatakiwa itoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zilizoguswa na mradi. Ya mauzo, si ya faida. Tofauti ni kubwa. Faida inaweza kupunguzwa na riba ya mikopo, na malipo kwa kampuni mama, na uchakavu wa mashine. Kampuni inaweza kutangaza hasara mwaka mzima malori yakipita usiku na mchana. Mauzo ni magumu zaidi kuficha: tani ngapi, kwa bei gani. Ushuru wa madini nao unahesabiwa kwenye thamani ya kinachouzwa, na asilimia 15 ya ushuru huo inaenda kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo.

Mahali mgodi ulipo. Hapo Koni inabaki nje. Koni haichimbi. Koni inatoa maji yanayozungusha mashine, na sheria ilipogawa haikuweka fungu la santrali linalofanana na lile la mgodi. Ni pengo la haki, na wabunge wa jimbo wanaoomba kura huku kila uchaguzi wangeulizwa juu yake kwa jina, kabla ya fulana na kofia kugawanywa. Katanga si ajabu kuona waya wa volti nyingi ukipita juu ya nyumba inayowasha mshumaa.

Lakini mpaka hapo, kamati ya wakaaji inaweza kuanza na karatasi. Kampuni zilizo kwenye soko la hisa, tofauti na nyingi zisizo huko, zinalazimika kutangaza hesabu zao, na karatasi hizo ni bure kwa mwenye simu yenye intaneti. Mwanafunzi mmoja wa Likasi anayesoma uhasibu anaweza kuandika kwenye ubao safu nne, mwaka kwa mwaka tangu 2021: mauzo, faida, bei ya hisa, na ile namba ya kugawanya. Mkutano ujao uanze na ubao huo. Safu ya mauzo ndiyo ya kuombea asilimia 0,3 kwa vijiji vya mgodi. Safu ya faida ndiyo inayoonyesha kama serikali, yenye asilimia 20 ya Kamoa-Kakula, ingestahili gawio mwaka ule. Safu ya bei inaonyesha wageni wanatumaini nini, na kama bei inapanda wakati faida inashuka, maana yake kuna jambo kubwa linangojewa: upanuzi, mashine mpya, umeme zaidi. Kama jambo hilo ni umeme wa Lufira, Koni inafaa ilijue mapema, wakati mkataba bado unaandikwa na wino haujakauka.